Meli za Mto Nile, Luxor hadi Aswan: uliza kwanza, lipa baadaye

Mzee asiyeiweza bahari, Mto Nile anauweza. Mama yangu akipanda boti Mkoani, Pemba, leso haimtoki mdomoni mpaka Malindi ya Unguja, na kwenye mkondo wa Nungwi ndipo huanza kutuusia. Juu ya Nile alikunywa chai sitahani, kikombe kimejaa pomoni, na hakikumwagika hata tone. Kwa hilo peke yake pesa iliyotoka siilalamikii.

Ila meli ipi na chumba kipi, hapo pana maneno. Jina la yetu naliacha, maana kwenye mto ule zimejaa tele, zinafanana, na yaliyotukuta sisi utayakuta kwa nyingine.

Safari ya kawaida ni kati ya Luxor na Aswan, huko Misri, kilomita 200 na ushei. Ukianzia Luxor mara nyingi unauziwa usiku 4, ukianzia Aswan usiku 3. Wakala aliyetuuzia hakutwambia kwamba muda mwingi meli imefungwa gatini na mwendo wenyewe ni wa saa chache chache. Mwenye bajeti ndogo achukue 3, hapungukiwi kitu kikubwa.

Na huko gatini ndiko kwenye kisa. Meli hazipangwi moja nyuma ya nyingine. Zinafungwa ubavu kwa ubavu, na ukitaka kushuka unapita kwenye mapokezi ya meli za watu mpaka ufike nchi kavu. Alfajiri mama alivuta pazia autazame mto, akakutana uso kwa uso na mzungu wa meli ya pili, yuko na fulana ya ndani anapiga mswaki, mkono ungemfikia. "Astaghfirullah! Mwanangu, hiki ndicho ulichokilipia?" Picha tulizoonyeshwa zilikuwa na kitanda na machweo, jirani hayumo. Kwa meli kubwa huwezi kulikwepa hili moja kwa moja, lakini omba ghorofa ya juu, katikati ya meli. Vyumba vya chini dirisha linakaribiana na maji, na nyuma ndiko kwenye mashine na kelele zake.

Uliza pia bei imebeba nini. Chakula kimo, lakini vinywaji mara nyingi havimo, hata maji ya mezani. Viingilio vya mahekalu na mtembeza wageni vimo au havimo? Siku ya mwisho inapita bahasha ya bakshishi, na hiyo iweke kwenye hesabu mapema. Mapishi ni mazuri, fuli ya asubuhi hasa, yale maharage yao. Pombe inauzwa, kwa hiyo sisi tuliomba meza ya mbali na baa, wakatupa bila ya tabu.

Penye raha ya kweli ni Esna, njiani, kwenye lango la kupandishia na kushushia meli. Meli inaingia baina ya kuta mbili za zege, milango inafungwa, maji yanaipandisha taratibu. Wakati inasubiri zamu, wachuuzi wanakuja na vijiboti, wanajifunga kamba ubavuni na kuvurumisha kanzu na vitambaa ndani ya mifuko ya plastiki mpaka sitaha ya juu. Hutaki, unarusha chini. Unataka, pesa unatia kwenye mfuko. Mama alipigania bei ya kitambaa kimoja cha meza, kikapanda, kikashuka, kikapanda tena, watalii wazima wamesimama wanamshangilia. Alishinda yeye.

Mji wa Edfu wanakupeleka hekaluni kwa gari la farasi. Farasi wengine mbavu zinahesabika, tulikataa tukachukua teksi. Hekalu lenyewe, lililomalizwa mwaka 57 kabla ya Kristo, bado limesimama na kuta zake. Hekalu la Kom Ombo ni hatua chache kutoka gatini, wazee wanalimudu, na kuna jumba la mamba waliokaushwa tangu enzi hizo. Luxor usiache Msikiti wa Abu Haggag, uliojengwa juu ya hekalu la kale na mpaka leo unasaliwa.

Nendeni kati ya Oktoba na Aprili. Jua tumelizoea, lakini letu lina upepo wa pwani. La Aswan kiangazi linapita nyuzi 40.

Maharusi na wasiopenda msongamano watazame dahabiya, chombo kidogo chenye tanga kama la jahazi na vyumba vichache. Upepo ukikata kinavutwa na boti ya injini. Bei iko juu, lakini kinafunga kwenye visiwa na pale Gebel el-Silsila, machimbo ya mawe ya mahekalu, ambako meli kubwa hazisimami.

Abu Simbel, kwenye mahekalu ya kale yaliyochongwa mwambani, ni mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka Aswan, na mnaondoka usiku wa manane. Mama alikataa. Anayeitaka bila ya adha hiyo aulizie meli za Ziwa Nasser, upande wa juu wa bwawa la Aswan. Ni chache, na zinatia nanga mbele ya mahekalu yenyewe.