Pillow kwa kupanga herufi moja moja: nyota nne

Mi natengeneza kadi za harusi kwa skripti ya Python na Pillow, maktaba yake ya kuchora picha, majina mia mbili mia tatu kwa mkupuo. Juzi mama mmoja akataka jina la bibi harusi kila herufi na rangi yake, nikamwambia hiyo ndogo. Weee.

Kosa la kwanza ni uvivu wangu mwenyewe, kila herufi nikaichora kwenye kipicha chake, nikakata sehemu tupu pembeni, nikavibandika vyote vikiwa sawa juu. "Mwajuma" ikatoka kituko, M imesimama vizuri halafu w na a zinaning'inia kama nguo kwenye kamba. Nikazipanga sawa chini, sasa mkia wa j ukakaa sawa na miguu ya wenzake, yaani j nzima imepanda ghorofani.

Kumbe dawa ipo humohumo tangu toleo la 8.0.0 la 2020: kwenye draw.text, amri ya kuandika maneno juu ya picha, weka anchor="ls", hapo ile y unayoitaja inakuwa mstari ambao herufi zinakalia, kama daftari la darasa la kwanza, j inashusha mkia yenyewe. Upana pima kwa font.getlength, inakupa mpaka vipande vya pikseli, usikimbilie kuifanya namba kamili maana jina likifika mwisho limeshahama.

Halafu W na a huwa zinasogeleana, sasa chukua getlength("Wa") toa getlength("a"), hapo ndo umejua a ianzie wapi. Kwa fonti nyingi za kisasa angalia na Raqm ipo, ile maktaba ya kupanga herufi, features.check("raqm") ikijibu False mianya inaweza kuwa kama meno ya mtoto.

Bismillah ya Kiarabu usithubutu kuikata herufi moja moja, zinaachana mikono, iandike nzima rangi moja basi.

Skripti za zamani zenye textsize, amri ya zamani ya kupima maandishi, nazo zitagoma, iliondolewa kwenye 10.0.0 mwaka 2023, mi nilibadilisha zote usiku mmoja nikiwa nalalamika peke yangu.

Pillow ni ya bure na inafanya kazi. Nyota moja nimeibana kwa sababu usipoweka anchor inaenda "la", inapima kutoka juu, kwa fonti ya saizi moja hutaona shida ila weka M kubwa na nyingine ndogo uone zinavyoelea.