Kujiunga dakika moja, kutoka ni kesi

Jamani kuna gazeti la mtandaoni nalilipia, jina silitaji maana nitaishia kutukana. Kujiunga ilikuwa dakika moja, namba ya kadi, bofya, karibu mpendwa msomaji. Juzi kati nataka kujitoa, kitufe hakuna! Nimezunguka kwenye akaunti weee, mpaka nikakuta maandishi madogo kule chini kabisa eti piga simu saa za kazi. Yaani kuingia usiku wa manane ruksa, kutoka ndo saa za kazi.

Nikapiga. Muziki, muziki, muziki, halafu dada mmoja wa huduma kwa wateja ananiuliza kwa nini natoka, nikamwambia matangazo, nalipa na bado naletewa viatu katikati ya habari, na kale kaalama ka kufungia kadogo kama chawa, ukikakosa tu ushapelekwa dukani. Akanijibu, "Kwani kaka hujui gazeti linaendeshwa na matangazo?" Nilibaki mdomo wazi. Sasa hela yangu inaendesha nini?

Na hali yao naijua, ngumu. Karatasi ilikuwa inaishi kwa matangazo, yale madogo madogo ya nyumba na kazi Craigslist, ile tovuti ya matangazo madogo, na wenzake wakayabeba, makubwa wakachukua Google na Facebook, na msomaji wa mtandaoni anawaingizia kidogo mno kwenye matangazo ukimlinganisha na yule wa karatasi. The Independent la Uingereza liliacha kuchapa 2016. The New York Times wakaanza kutoza wasomaji wa mtandaoni 2011 na imewalipa. Kwa hiyo kuning'ang'ania naelewa, ila kuning'ang'ania ndo kunifungia mlango? Mbona tovuti ya The Guardian unasoma bure wanakuomba tu uchangie. Na lile la karatasi nikilichoka silinunui kesho yake, basi, tumeachana, hakuna wa kunihoji.

Nyota moja. Ingawa, tuseme ukweli, ile makala yao ya uchunguzi ya sehemu tatu niliisoma mpaka simu ikazima chaji, sijaona wengine wakiandika vile. Haya, mbili.

Mwisho wa yote dada akanitupia nusu bei kwa miezi mitatu nami kama zuzu nikaitikia sawa. Nimeshakata simu ndo nasoma kwenye barua pepe kwamba miezi ikiisha wanakata bei kamili kwenye kadi yangu wenyewe, bila kuniuliza. Rudisha ile moja.