Mikeka ya raba ya trela ya farasi: maoni ya saisi anayeiinua mwenyewe

Mikeka hii miwili ya raba tuliinunua katika duka moja la Eneo la Viwanda, Nairobi, ikakatwa kufuata kipimo cha sakafu ya trela yetu ya farasi wawili. Unene wake ni milimita 12. Upande wa juu una vinundu vidogo, upande wa chini una mifereji iliyonyooka kutoka mbele hadi nyuma. Bei yake ilizidi bei ya mbao zote za sakafu tulizonunua Gikomba, kwa hiyo si kitu cha kununua kwa haraka. Naipa nyota nne kati ya tano. Imepita mvua za masika na baridi ya Julai, imeteremka mteremko mkali wa Mai Mahiu kwenda Gilgil kwenye mechi za polo, na Jumapili za mashindano imefika Ngong Racecourse.

Nianze na uzito, maana hapo ndipo mikeka mingi inaposhindwa. Kila mmoja wa hii una kama kilo 30. Nashika pembe, naukunja, nauburuta hadi nje bila kumwita mtu. Duka lilipendekeza tuchukue mkeka mmoja mzima wa milimita 18, wakisema unadumu zaidi. Kudumu utadumu, lakini kwa ukubwa wa trela yetu huo ungekaribia kilo 90. Saisi aliyerudi saa moja jioni, yuko peke yake, farasi wawili wanasubiri maji na nyasi, hawezi kuinua kilo 90. Atamwaga maji juu, atafagia, atafunga mlango, na mkojo utabaki chini mpaka safari nyingine. Sakafu ya trela huozea chini ya mkeka, mahali ambapo macho hayafiki. Ndiyo sababu mimi napima mkeka kwa jambo hili kabla ya lingine lolote: je, mtu mmoja aliyechoka anaweza kuutoa nje?

Mkojo wa farasi si kama maji ya mvua. Una chembe za chokaa na ute ndani yake, ndiyo maana hutoka mzito na wenye ukungu, na ukikauka unaacha gamba jeupe kwenye mbao. Farasi mkubwa hutoa lita 5 hadi 15 kwa siku. Wengi hujizuia gari likiwa mwendoni, kisha likisimama tu, wakisikia maranda laini chini ya kwato, wanaachilia. Ukiachwa hapo, bakteria huugeuza kuwa amonia, na hiyo ndiyo harufu inayochoma pua unapofungua trela asubuhi. Farasi aliyefungwa kichwa juu kwa saa tatu hawezi hata kuinamisha shingo akohoe vizuri, anaivuta hewa hiyo yote, na mapafu yake ni mepesi kuumia. Wenye sakafu za aluminiamu nao wasijione wamepona. Amonia hula bati hilo vishimo vidogo vidogo, hasa pale aluminiamu inapokutana na chuma cha fremu.

Ukitoa mikeka utaona ramani ya abiria wako. Upande anaposimama farasi jike, doa liko nyuma, karibu kabisa na mlango unaoshushwa ili wapande. Upande wa dume aliyehasiwa, doa liko katikati, chini ya tumbo. Kwenye trela yetu mbao zilizokuwa zimelainika zilikuwa hizohizo, nyuma kushoto na katikati kulia, wakati mbao za mbele zilikuwa ngumu bado. Kwa hiyo bisibisi yako ipeleke huko kwanza. Idunge kwenye ubao kwa nguvu ya mkono: ikiingia kama kwenye mkate, ubao huo utoke kabla farasi hajapanda tena. Halafu lala chini ya trela na tochi. Gonga mihimili ya chuma inayobeba mbao, angalia kutu kwenye bolti, angalia miisho ya mbao inapoingia kwenye fremu, maana unyevu hukimbilia huko. Farasi ana kilo 500, na kwenye breki za Mai Mahiu uzito huo haukai sawa katika miguu yote minne. Mguu ukitoboa sakafu gari likiwa barabarani, kwato na mfupa vinasagwa na lami. Sitaki kuliandika zaidi ya hapo, lakini kila mwenye trela alifikirie.

Mifereji ya chini ndiyo iliyonifanya niikubali mikeka hii. Maji yanayopenya pembeni hayakai yakituama. Hufuata mifereji hadi kwenye nafasi kati ya mbao na kudondoka chini. Mbao tuliziacha na mianya midogo kwa makusudi. Kuna karakana nyingine, si duka hili, ambayo kabla yetu ilikuwa imegundisha raba kwenye sakafu ya trela hii kwa gundi na kuziba pembe zote kwa silikoni. Kwa macho ilipendeza sana, nyeusi na safi kama chumba cha hospitali. Tulipoing'oa, mbao za chini zilikuwa zimelowa na kunuka, na ukungu mweupe umetambaa kote. Hasira yangu kwa kazi ile haijaisha. Maji hayazuiliki kuingia kwenye trela ya farasi; kinachowezekana ni kuyapa njia ya kutoka.

Kusafisha kwenyewe hakuna siri. Mavi na maranda yatoke kwanza yakiwa makavu, kwa koleo na ufagio mgumu, ndipo maji yafuate. Mikeka naiosha nje kwa sabuni na brashi, pande zote mbili, kisha naiegemeza ukutani isimame. Sakafu naipiga brashi kwa maji yenye siki nyeupe, kikombe kimoja kwa ndoo, kwa sababu siki huiondolea amonia nguvu na harufu hukatika. Chokaa, ambayo mazizi mengi huimwaga, hufanya kinyume: huzidi kuifukuza amonia hewani. Na tafadhali, Jik isimwagwe juu ya mkojo. Klorini na amonia vikikutana hutoa gesi ya kuchoma macho na kifua, na ndani ya trela hakuna pa kuikimbia. Mashine ya maji ya nguvu naitumia kwa mikeka na kwa magurudumu tu. Ukiielekeza kwenye mbao inasukuma maji ndani ya nyuzi na kuchana uso wake.

Kisha milango yote ibaki wazi, mikeka ibaki nje. Januari sakafu inakauka kufikia jioni. Julai, huku Karen na Ngong kukiwa na manyunyu na jua halionekani, siku mbili zinaweza kupita na ubao bado ni baridi ukiuwekea kiganja. Usirudishe mkeka juu ya ubao baridi.

Mbao zikishakauka kabisa hupakwa mafuta ya kitani, juu, chini na kwenye miisho. Wenzangu wengi hupaka oili chafu ya gari kama wanavyopaka nguzo za ua dhidi ya mchwa. Kwenye trela haifai: inateleza, inalainisha raba mpaka ivimbe, na inagusa ngozi ya mnyama akilala au akianguka. Matambara uliyopakia mafuta ya kitani yatandaze yakauke nje, usiyarundike kwenye stoo, kwani yanaweza kushika moto yenyewe.

Nyota moja nimeikata kwa mambo mawili. Vinundu vya juu vinamshikilia farasi vizuri, hata vikiwa vimelowa. Tukishuka mteremko nasikia wanasimama imara, hakuna ule mkwaruzo wa chuma kikitafuta pa kushika. Lakini udongo mweusi wa kwetu ukikauka kati ya vinundu hivyo unakuwa kama saruji, na kuutoa ni kazi ya brashi na mgongo. Mkeka wenye mistari mipana ungesafishika upesi zaidi. Pili, mikeka haina pa kushikia. Ikilowa, raba ya kilo 30 inateleza mikononi, na makali ya pembe yaliyokatwa dukani yanakwaruza vidole.

Kuhusu kudumu sina malalamiko. Viatu vya nyuma vya farasi wa polo, vyenye visigino vya chuma, vimeacha alama lakini havijachana. Mikeka haikujikunja pembe, ingawa ukiianika kwenye jua kali hutanuka kidogo na inabidi ipoe kivulini kabla ya kuingia vizuri mahali pake. Harufu ya raba mpya ilitusumbua mwanzoni. Tuliiacha nje ipigwe upepo kabla farasi hawajapanda, ikaisha.

Mwenye trela ya farasi wawili na saisi mmoja, nunua hii, miwili, milimita 12, na kataa gundi. Mwenye lori la farasi sita na vijana wa kutosha anaweza kwenda kwenye milimita 18, mradi ikatwe vipande vipande. Na duka likikubali kutoboa matundu mawili ya mkono kwenye ukingo wa nyuma wa kila mkeka, nitarudi hapa niongeze nyota ya tano.