Mashine ilirudi ikiwa gogo moja

Nilisema sitawaandika hawa jamaa wa ofisi inayobadilisha michoro ya mashine iingie kwenye gemu, maana Mbeya yetu ni ndogo na Mwanjelwa tunakutana kila siku. Lakini jana nimelifungua tena lile faili, hasira zikarudi upya.

Natengeneza gemu dogo la kuwafundisha wakulima wa kahawa wa Mbozi kutumia mashine ya mkono ya kumenyea kahawa mbivu. Mchoro alinipa fundi aliyeibuni, faili la STEP, yaani la mchoro wa mashine wa kompyuta, limekamilika mpaka nati. Ila mchoro wa namna hiyo hauingii kwenye injini ya gemu, programu inayoliendesha gemu, kama ulivyo. Programu za CAD, zile za kuchorea mashine, hutunza duara kwa hesabu kamili; injini ya gemu yenyewe inachora kwa pembetatu. Lazima mtu aubadilishe, na kazi hiyo ndiyo niliyowapelekea ofisini kwao. Nikalipa nusu.

Wiki kama mbili hivi zikapita, wakanitumia. Kwa haki yao niseme, ilikuwa nyepesi ajabu. Nilipojaribu mwenyewe ilitoka na pembetatu zaidi ya milioni mbili, nyingi zimejazana kwenye nyuzi za bolti ambazo hakuna mkulima atakayeziona kwenye simu. Wao walizifuta zote. Hata vipimo walipatia: mchoro uko kwa milimita na Unity, injini ya gemu langu, inahesabu mita, asiyejua hilo mashine yake ya milimita 900 inasimama mita 900. Nikafurahi sana. Nikashika mkono wa mashine niuzungushe.

Mashine nzima ikazunguka. Fremu, miguu, kapu la kumiminia kahawa, vyote. Walikuwa wameunganisha kila kitu kikawa kipande kimoja!

Jamani, somo lote liko kwenye silinda na bamba lililo mbele yake. Nafasi ya hapo katikati ikibana, punje zinakatika. Ikiachia, kahawa inapita na ganda lake. Nataka mkulima akosee hapo kwenye simu, asikosee kwenye mavuno yake.

Nikaenda. Kaka wa mezani hakuinua hata macho. "Si ulisema ya gemu? Ya gemu ndiyo hiyo." Nikamweleza kwamba silinda lazima izunguke. Akanijibu mbele ya wateja wengine, "Mzee, hiyo ni mashine ya kahawa tu, siyo ndege."

Kahawa tu! Ada yangu ya shule yote ilitoka kwenye kahawa hiyo tu. Niliondoka bila kuaga.

Wakarudia. Safari hii vipande vimeachana, ila kitovu cha kila kipande, ile nukta ambayo kipande kinaizunguka, wamekiacha chini sakafuni, pale mchoro unapoanzia, badala ya kwenye shafti. Silinda ikizunguka inachomoka nje ya mashine na kupiga duara hewani. Majina nayo yamepotea. Fundi aliandika "silinda", "gia kubwa". Mimi nimerudishiwa namba tupu.

Basi nimekesha siku nne na baridi hii. Nikafungua STEP kwenye FreeCAD, programu ya CAD, nikatoa kipande kimoja kimoja, nikavipeleka Blender, programu ya maumbo ya pembetatu, na kuhamisha vitovu kwa mkono. Sasa inazunguka. Lakini ni nzito, kwenye simu ya bei ndogo inakwama, na nikipunguza pembetatu silinda inaota kona. Wao waliipunguza ikabaki laini. Kwa hiyo siwezi kusema hawajui kazi. Wanaijua kunizidi, na hilo ndilo linaloniuma. Kuunganisha fremu na miguu walikuwa sahihi kabisa, simu inapumua. Kilichowashinda ni kuniuliza kinachozunguka ni kipi. Swali moja, dakika moja.

Nusu ya pili ya pesa yao bado ninayo. Juzi nilishaamua silipi hata senti. Leo nafikiri nitaipeleka, wakishanihamishia vile vitovu kwenye faili lao, na yule kaka akinisalimia kwanza.