Rejeta mpya ya IST: kupoza inapoza, kukaa ndiyo shughuli

Kwa wenye haraka: rejeta hii, yaani kile kipoza maji ya injini, nitainunua tena, ila safari nyingine naipima palepale dukani kabla hela haijatoka mkononi.

IST yangu, gari dogo la Toyota, ni ile ya zamani, injini 1NZ, otomatiki. Mwezi wa pili, foleni ya Tabata Relini, saa nane mchana, taa nyekundu ya joto ikawaka na mvuke ukaanza kutoka kwenye boneti. Nikazima palepale. Kifuniko cha rejeta sikukigusa mpaka injini ilipopoa kabisa, maana nimeshaona mtu akiungua uso kwa haraka hiyo. Kumbe tanki la juu la rejeta, lile la plastiki, lina ufa pembeni ya shingo ya mpira. Plastiki yenyewe ilishageuka rangi ya ukwaju kwa uzee. Fundi wa mtaani akaipaka gundi ya chuma, elfu kumi na tano. Ilidumu siku tisa.

Nikashuka Gerezani, kwenye maduka ya vipuri. Rejeta iliyotumika ya Japani, elfu tisini. Mpya, laki moja na arobaini. Muuzaji akaapa ni ya Taiwan, boksi lenyewe halikusema kitu. Nikachukua mpya, na sababu ni moja. Kwenye gari la otomatiki, ndani ya tanki la chini kunapita kipoza cha haidroliki, yale mafuta ya giaboksi. Kikitoboka humo ndani, maji na haidroliki vinachanganyika, na hapo hulii tena rejeta, unalia giaboksi. Kwa macho huwezi kuligundua hilo kwenye rejeta ya mtumba.

"Dada, mwambie fundi wako aje kuichukua," muuzaji akaniambia. Nikamjibu fundi ni mimi. Ni kweli, nina cherehani mbili.

Na kwa jicho la mshonaji, niseme hivi: mahali alumini inapokunjwa kushika tanki la plastiki, pindo lilikuwa safi, meno yamebana sawasawa mwanzo hadi mwisho. Mapezi, vile vibati vyembamba vya kupozea, yamenyooka. Kwa hilo sina neno.

Jumapili tukaanza, mimi na mtoto wa dada yangu, chini ya mwarobaini, gari likiwa limelala usiku kucha. Spana namba 10 na 12, plaizi, bisibisi, beseni. Tulilegeza koki nyeupe ya plastiki chini ya rejeta, yakatoka maji rangi ya chai ya rangi. Hayo ni maji ya kisima niliyokuwa najazia miaka yote, ya chumvi, hata nguo yanafubaza. Kama wewe unaweka kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, beseni lifunike: ni sumu, na kwa kuwa ina utamu, paka na mbwa huinywa. Mipira miwili ya haidroliki tuliiziba kwa bolti nene, la sivyo inachuruzika mpaka jioni. Tukatoa plagi ya feni, mipira ya juu na chini, vishikio viwili vya juu, rejeta ikanyanyuka pamoja na feni yake. Rejeta ya AC iliyo mbele haiguswi, ina gesi. Tuliweka boksi lililokunjuliwa katikati ili mapezi yasikwaruzane.

Kufungua, dakika hamsini. Kufunga, nusu siku.

Kava la feni linakaa kwenye rejeta kwa bolti nne. Tatu zikaingia. Ya nne ikagoma. Nikatoa futi yangu ya kushonea: tundu limesogea milimita sita. Kwenye gauni ningelificha kwa kupenyeza uzi, kwenye chuma unatafuta tupa. Tulitanua tundu la kava, si la rejeta, taratibu, saa nzima na zaidi. Halafu kosa langu mwenyewe: tulipoishusha ikawa inacheza. Raba mbili za chini zilikuwa zimebaki kwenye miguu ya rejeta ya zamani, iliyoegemea ukutani ikitutazama. Tukaitoa tena.

Kifuniko hakiji na rejeta. Changu kimeandikwa presha 1.1 na raba yake ilikuwa imekakamaa, na nilipokwenda kutafuta kingine nikapewa cha 0.9 nikiambiwa vyote ni sawa. Si sawa. Presha ikipungua, maji yanachemka mapema. Nikarudisha.

Baada ya kujaza kulanti ya pinki, hewa lazima itolewe: kifuniko wazi, injini inaunguruma taratibu, unaminya mpira wa juu, unaongeza kulanti kila inaposhuka, mpaka mapovu yaishe. Na heater iwe kwenye joto la mwisho. Heater, Dar es Salaam, mchana! Mpwa wangu alidhani nimechanganyikiwa. Kisha nikaongeza haidroliki iliyomwagika na kuipima kwa kijiti injini ikiwa ya moto.

Hesabu: rejeta 140,000, kulanti 28,000, haidroliki lita moja 18,000, klipu nne 4,000. Jumla 190,000, kifuniko pembeni. Fundi alitaka elfu hamsini za kazi. Kama Jumapili yako ina thamani kuliko hizo, mpe.

Dukani nilirudi kulalamikia lile tundu. "Ikishafungwa hairudi," ndilo jibu, na jicho likahamia kwa mteja mwingine. Pale nawapa nyota mbili, rejeta yenyewe naipa nne.

Huu ni mwezi wa tatu tangu niifunge. Foleni ileile, AC imewashwa, taa haijawaka. Kila asubuhi natazama boksi nililotandika chini ya gari: kavu. Kelele moja tu, kwenye matuta ya Segerea kava la feni linagonga upande wa ile bolti ya nne. Nimeshakata kipande cha raba cha kuweka hapo, kiko kwenye droo ya vifungo.