Tamthilia tatu za tanzia za Luis Alfaro: kitabu hiki kinafaa mazoezini?

Nimekitumia The Greek Trilogy of Luis Alfaro, kitabu cha mwandishi wa tamthilia wa Marekani mwenye asili ya Meksiko, kama kitabu cha kazi, kwenye meza ya kusomea na kwenye sakafu ya mazoezi. Toleo ni la Methuen Drama, 2020, mhariri Rosa Andújar. Mna tamthilia tatu zilizotokana na waandishi wa Ugiriki ya kale: Electricidad (kutoka Electra ya Sophocles), Oedipus El Rey, na Mojada (kutoka Medea ya Euripides). Kila tamthilia ina utangulizi mfupi, na mwishoni kuna historia ya maonyesho na faharasa ya maneno ya Kihispania. Kukinunua hakukupi ruhusa ya kuonyesha kwa umma. Haki za jukwaani huombwa kando.

Wengi wanaohamisha tanzia ya Kigiriki hubadilisha majina na mavazi, kisha wanakwama palepale: mtazamaji anajiuliza kwa nini mhusika asijiondokee tu. Bila miungu, anayebaki ni mtu mbishi. Alfaro amelijibu swali hilo mara tatu. Katika Electricidad kinachombana mtu ni sheria ya kisasi ya macholo, watu wa magenge wenye asili ya Meksiko, wa East Los Angeles. Katika Oedipus El Rey ni magereza ya California, ambako anayeachiliwa anajulikana atarudi. Katika Mojada ni makaratasi ya uhamiaji: Medea ni fundi cherehani kutoka Michoacán anayeogopa hata kuvuka geti, kwa hiyo tishio la kufukuzwa, ambalo kwa Euripides linatoka kwa mfalme Creon, hapa lina meno yaleyale.

Electricidad ndiyo iliyonishawishi zaidi, na sababu ni korasi, yaani kundi linalosimulia na kutoa maoni juu ya matukio. Sophocles alikuwa na watu 15. Alfaro ana majirani watatu, La Carmen, La Connie na La Cuca, wanaofagia huku wakiumbua mtaa mzima. Ukiwaachia waigizaji waseme mistari hii kama taarifa ya habari, tamthilia inalala ndani ya dakika tano. Anzeni na mafagio kabla ya maneno: mfagio mmoja kwa kila pumzi, halafu sentensi ianzwe na mmoja na kudakwa na mwingine kabla haijatua. Tumieni ufagio wa nyuzi ngumu kwenye sakafu tupu ya mbao au saruji. Zulia linameza sauti, na bila sauti hiyo mapigo yote yanapotea.

Tatizo la pili ni maiti. Mhusika mkuu, Electricidad, anailinda maiti ya baba yake, El Auggie, mbele ya nyumba, kwenye madhabahu. Ikilazwa bapa, watu wa safu za mbele wanaona kitambaa tu. Inueni upande wa kichwa, na jazeni sanamu mchanga kidogo ili anayeikumbatia ahisi uzito. Sanamu nyepesi inarukaruka na ukumbi unacheka pasipostahili. Kingine, jina la mungu wa kike wa Waazteki, Coyolxauhqui, halisomwi kama lilivyoandikwa: x hiyo hutamkwa “sh”. Faharasa iko nyuma kabisa ya kitabu, kwa hiyo nakilini orodha yenu na kuibandika ukutani, la sivyo mazoezi yatakuwa ya kufungua kurasa.

Oedipus El Rey ina korasi nzuri ya wafungwa, na tukio la mapenzi kati ya Oedipus na Jocasta (mama yake, ingawa hawajuani), ambalo Sophocles hakulileta jukwaani kamwe, linahitaji mpango wa hatua kwa hatua uliokubaliwa na waigizaji wote wawili mapema. Lakini muundo umepungukiwa. Sophocles anaanza karibu na mwisho, na siri inafukuliwa kwa maswali. Alfaro anatuonyesha mambo kwa mpangilio: mtoto anatupwa, anakua, anaua njiani, anaoa. Tunakuwa tumeshaona kila kitu, hivyo ule ugunduzi wenyewe unafika ukiwa umepoa. Mwongozaji akiharakisha sehemu ya mwisho anaokoa mengi.

Kuhusu Mojada, kuweni macho na matoleo. Alfaro ameiandika upya kwa kila jiji: Chicago (2013), Los Angeles kwenye Getty Villa (2015), New York kwenye Public Theater (2019). Bosi wa kike anayemnyakua Jason, mume wa Medea, na ambaye amebeba nafasi ya Creon na ya binti yake kwa pamoja, ni Armida kule Los Angeles na Pilar kule New York. Jirani Josefina kule New York anageuka Luisa wa Puerto Rico. Angalieni kwanza kitabu kina toleo lipi. Mkichanganya nakala za mtandaoni na hiki, waigizaji wawili watajikuta wamekariri tamthilia mbili.

Wanaotaka kuitafsiri kwa Kiswahili wasiinyooshe. Kihispania kilichomo ndani ya Kiingereza ndicho kinachoonyesha nani wa nyumbani na nani mgeni. Acheni majina ya ukoo, matusi na sala kwa Kihispania. Mkitia Sheng, wahusika wanahamia Nairobi papo hapo, na hiyo ni kazi nyingine yenye gharama zake.

Kikundi kidogo kianze na Mojada: wahusika sita, ua mmoja, cherehani moja. Mtafuteni mapema mtoto wa kuigiza Acan, mwana wa Medea, maana ndiye mgumu kumpata.