Fyekeo au mashine ya nyasi?

Mvua za Novemba zikishaanza hapa Uyole, Mbeya, ua wangu hugeuka malisho. Jirani aliwahi kuniuliza ng'ombe nawaleta lini. Fyekeo linataka tupa na mgongo tu. Unanoa dakika tano, unafyeka, umande haulisumbui, kesho yake mama watoto anakukanda kiuno huku akicheka. Mashine ya petroli inakata haraka, hilo sibishi, ila nyasi mbichi huganda kwenye kisu chake, inakohoa, inazima. Jumamosi nilifungua kabureta, nikaisafisha, nikairudisha, skrubu moja ikabaki mkononi. Ikawaka! Tangu hapo siisogelei bila gambuti. Kwa kufyeka, nachukua fyekeo. Mashine naipenda zaidi ikiwa imefunguliwa mezani.